Lipa Interni au Uache Kutudanganya Kwamba Unakagua

Wasee, leo hakuna kuchekesha. Leo nataka kukiri kitu, halafu nikimaliza kukiri nataka kugombana na watu.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilifanya atachimenti ya miezi mitatu kwenye ofisi ya ukaguzi wa ndani ya kaunti moja ya huku Nyanza. Sitaitaja. Nikiitaja mtaikimbilia hiyo moja na kuziacha zingine ambazo zinafanya vile vile. Na pia, nitawaambia ukweli, bado natafuta kazi.

Nilikuwa na picha kichwani. Nilidhani nitakuwa natembea na kalamu na daftari, naingia hospitali, nahesabu dawa, nauliza maswali, watu wanatetemeka. Kumbe nilipewa muhuri. Kazi yangu kuanzia saa mbili asubuhi ilikuwa kugonga vocha kuonyesha kwamba zimekaguliwa. Vocha ya mafuta ya ambulensi, gonga. Vocha ya glovu, gonga. Vocha ya semina ya uhamasishaji, gonga. Saa nne nachemsha chai. Saa tano narudi kugonga. Kwa wiki sita sikuona hata kitu kimoja ambacho zile vocha zilisema kimenunuliwa.

Wiki ya saba gari likapatikana. Tukaenda dispensari fulani, mimi, bosi na dereva. Kwenye benchi nje kulikuwa na akina mama kama kumi na watoto wao. Bosi akatoa ile fomu ya S13 inayoonyesha vitu vilivyopokelewa stoo. Ilisema chupa 200 za dawa ya maji ya watoto. Nikaingia stoo na sista. Nikahesabu. Zilikuwa 14. Nikahesabu tena, nikidhani nimekosea. 14.

Nikamuuliza sista, "Sista, zingine ziko wapi?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mtoto wake. "Mwanangu, kwani kuna mtu alikuambia zilifika?"

Nikarudi kwa bosi nikamwambia. Akacheka. "Omera, wewe andika vile karatasi inasema. Hatukuja kuhesabu, tumekuja kuthibitisha."

Nikatia tiki.

Tukiondoka, mama mmoja kwenye benchi alikuwa ameshika kikaratasi cha kwenda kununua dawa kwenye kemisti. Dawa ile ile niliyokuwa nimetoka kuthibitisha kwamba ipo. Kwenye gari bosi akanipa mia tano, akasema ni ya lunchi. Hiyo mia tano ndiyo pesa pekee niliyopata kwa miezi mitatu yote. Na niliichukua, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa inanimaliza, na asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa maji tu.

Sasa tuongee.

Katiba haikusema "gonga muhuri"

Watu wengi wanadhani ukaguzi ni kujumlisha na kutoa. Someni Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010. Kinasema Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali lazima akague hesabu za serikali kuu na za kaunti zote ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, kwa hivyo mwisho ni 31 Desemba. Halafu kuna ile sehemu tamu: ripoti lazima ithibitishe kama pesa ya umma ilitumika kisheria NA kama ilitumika kwa njia iliyoleta matokeo. Risiti zikipangana vizuri bado kazi ni nusu. Nusu ya pili ni kujua kama yule mtoto alipata dawa.

Na ikishatoka, Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Halafu Kifungu cha 226 kinasema afisa wa umma akiidhinisha pesa itumike kinyume cha sheria, hasara inamwangukia yeye mwenyewe, awe bado yuko kazini au ametoka.

Kwenye karatasi, hiyo ni sheria kali kuliko mathe wangu. Shida ni nani anaenda stoo kuhesabu chupa.

Ofisi ya Mkaguzi Mkuu imefanya kazi, na sitaki kuwanyima haki yao. Nancy Gathungu aliingia 2020, mwanamke wa kwanza kushika hiyo ofisi, na mwezi wa tisa mwaka huo huo ripoti yake maalum kuhusu KEMSA ikaonyesha ununuzi wa vifaa vya Korona wa shilingi bilioni 7.8 uliokiuka sheria. 2025 ikatoka ile ya SHA, kwamba mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali na haukununuliwa kwa ushindani. Serikali ilijitetea, ikasema inalipia huduma tu. Lakini angalau tulijua cha kubishania.

Sasa hiyo ni Nairobi. Ni mabilioni, yana kelele. Wizi wa huku kwetu ni mdogo mdogo na hauna kelele. Ni chupa 186. Ni mgonjwa aliyekuja kupimwa malaria akarudi nyumbani, lakini kwenye madai ya bima anaonekana alilazwa siku tatu. Agosti 2025 Wizara ya Afya yenyewe ilisema imekuta mchezo wa aina hiyo kwenye madai ya SHA na ikasimamisha vituo kadhaa. Mchezo kama huo hauuoni ukiwa umekaa Anniversary Towers ukisoma PDF. Unauona ukienda kwa huyo mgonjwa ukamuuliza, "Mzee, mwezi wa tano ulilala hospitali?"

Kwa nini Migori na Homa Bay

Wengine watasema napenda kwetu sana. Sawa, napenda. Lakini sikilizeni namba.

Utafiti wa kitaifa wa Ukimwi wa 2018, ule wa KENPHIA, ulikuta maambukizi ya HIV kwa watu wazima Kenya nzima ni asilimia 4.9. Homa Bay ilikuwa 19.6. Migori 13.0. Karibu mtu mmoja kati ya watano Homa Bay. Hakuna familia huku haijazika mtu. Hakuna darasa nililosoma halikuwa na mtoto anayelelewa na nyanya yake.

Kwa hivyo kwetu pesa ya afya na pesa ya kusaidia wasiojiweza ni uhai wenyewe. Bajeti ya mahali pengine ikiibiwa, barabara inakosa lami. Huku ikiibiwa, mtu anakosa vidonge, na virusi havingojei robo ya mwaka inayofuata.

Na kuna jambo moja ambalo hatupendi kuliongelea. Kwa zaidi ya miaka ishirini hizo dawa zimelipiwa sana na wageni. MSF walianza kutoa ARV bure katika hospitali ya Homa Bay 2001, wakati serikali yetu bado inasita. Halafu PEPFAR ikaja kuanzia 2003. Na mgeni akileta pesa yake, anahesabu. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kliniki ya HIV huku anajua siku za kukaguliwa data: rejista inafunguliwa, inalinganishwa na faili, faili inalinganishwa na kompyuta, vidonge vinahesabiwa. Hata vijana wa kuingiza data walikuwa wanalipwa.

Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada. Watu wakaambiwa waende nyumbani. Sisi wote tukalilia dawa, na tulikuwa na haki ya kulia. Lakini kuna kitu kingine kilichoondoka na hao watu, nacho hakuna aliyekililia: macho. Wale waliokuwa wanahesabu walienda pia. Sasa hiyo kazi inakuja kwa pesa yetu. Swali langu ni moja. Mzungu alikuwa anahesabu vidonge vyake kimoja kimoja. Vyetu vitahesabiwa na nani? Na interni mwenye njaa na muhuri?

Dani alipokufa kwenye kompyuta

Dani yangu, nyanya yangu mzaa mama, yuko upande wa Homa Bay. Amepita miaka 70 kitambo, kwa hivyo yuko kwenye Inua Jamii, ile 2,000 ya kila mwezi, ambayo haiji kila mwezi bali ikijisikia. Siku moja akaenda kwa ajenti, akaambiwa hakuna kitu. Mwezi uliofuata, hakuna kitu. Nikaenda naye kwa ofisi inayohusika. Afisa akaangalia skrini, akaangalia Dani, akaangalia skrini tena. Akasema, "Mama, huku inaonyesha ulifariki."

Dani akaketi vizuri kwenye kiti. Akauliza, "Na hii kompyuta ilinizika wapi?"

Tulicheka wote, hata yule afisa. Lakini ilichukua miezi kumfufua. Na nikawa nawaza nikirudi Migori: kama mzima anaweza kuandikwa amekufa, ni wafu wangapi wameandikwa wazima? Na pesa yao inachukuliwa na nani?

Mkaguzi aliye na orodha ya majina Nairobi hawezi kujibu hilo. Lakini kijana mmoja mwenye orodha, Dholuo au Kikuria au Kisuba cha kuzaliwa nacho, na mzee wa kijiji wa kumtembeza, anaweza kumaliza kijiji kizima kwa siku mbili. Anajua makaburi yako wapi. Anajua nani alihamia Isebania. Anajua nani alikufa Krismasi kwa sababu alikula kwenye hiyo matanga. Ujuzi huo haufundishwi kwenye CPA, na serikali inao bure kwa maelfu ya vijana waliokaa nyumbani na digrii.

Bure ni ghali

Sasa nafika kwa wale ninaotaka kugombana nao. Wale wanaosema, "Interni hahitaji kulipwa, anajifunza."

Kwanza, ukisema hulipi, umeshachagua nani ataingia. Mtoto wa mkubwa ataingia, kwa sababu baba yake anamlipia nyumba na nauli. Mtoto wa mama wa omena pale Mbita hataingia, au ataingia wiki mbili aache. Halafu mtoto wa mkubwa anatumwa kukagua rafiki za baba yake. Hapo fisi amepewa bucha alinde, na bado mnashangaa nyama inaenda wapi.

Pili, mkaguzi mwenye njaa si mkaguzi. Mimi ni ushahidi. Tiki yangu iliuzwa kwa mia tano, na hata sikujua nauza. Bosi wangu hakuwa shetani. Alikuwa mtu wa kawaida anayejua kwamba kijana asiye na lunchi habishani. Ukitaka kumnyamazisha mtu, huhitaji kumtisha. Usimlipe tu, halafu uwe yule anayemnunulia chakula.

Tatu, serikali hii imezoea. Walimu wa JSS waliitwa interni, wakafundisha darasa zima kwa 20,000 kabla ya makato, mpaka Aprili 2024 korti ikasema mpango huo ni kinyume cha Katiba. Madaktari wanagenzi waliokuwa na mkataba wa 2017 wa zaidi ya laki mbili wakaambiwa wachukue 70,000, na huo mzozo ukawa ndani ya mgomo wa siku 56 wa 2024. Neno "interni" limegeuka jina la heshima la mfanyakazi wa bei rahisi. Kwenye darasa hiyo ni dhuluma. Kwenye ukaguzi ni dhuluma halafu pia ni hatari, kwa sababu yule unayemdhulumu ndiye uliyempa funguo za stoo.

Nne, hesabu. Mpango wa wanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma ulipoanza ulikuwa unalipa 25,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Tuchukue hiyo. Weka vijana 20 Migori na 20 Homa Bay. Hao ni 40, mara 25,000, mara miezi 12. Jibu ni milioni 12 kwa mwaka. Mnakumbuka makontena ya kliniki za kuhamishika ya Afya House, yaliyokaa Miritini kule Mombasa yakiota kutu? Shilingi milioni 800 zilitoka. Hizo zingelipa hao vijana 40 zaidi ya miaka 66. Wangestaafu.

Na hiyo kashfa ya 2016, ikumbukeni vizuri, haikuanzishwa na mpelelezi wa sinema. Ilianza na ripoti ya ukaguzi wa ndani wa wizara yenyewe. Mtu wa ndani alihesabu. Ripoti ikavuja kwa magazeti, na mwaka uliofuata Marekani ikasimamisha dola milioni 21 kwa wizara. Kwa hivyo msiniambie ukaguzi wa ndani hauna nguvu. Unao, ukipewa mtu ambaye hakubali kununuliwa lunchi.

Ninachotaka

Sipigi kelele tu. Hii ndiyo orodha yangu, na ni fupi.

Moja: interni yeyote anayeguswa na ukaguzi wa pesa ya umma alipwe, na alipwe na mtu mwingine asiye yule anayekaguliwa. Pesa itoke kwa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu au Tume ya Utumishi wa Umma. Isitoke mfukoni mwa bosi.

Mbili: tubadilishane. Kijana wa Migori akakague Homa Bay, wa Homa Bay aje Migori. Ni gari moja tu la Rongo. Lugha inafanana, shida inafanana, lakini mjomba wako hayuko kwenye hiyo stoo. Wale wanaosema vijana wa nyumbani watalinda watu wao, hilo ndilo jibu lenu.

Tatu: nusu ya muda wa interni iwe nje ya ofisi. Stoo, wodi, boma za wazee wa Inua Jamii. Mtu asipate cheti cha ukaguzi kama hajahesabu kitu kwa mkono wake.

Nne: interni akiona tofauti, aiandike mahali ambapo msimamizi hawezi kuifuta, na alindwe. Mswada wa kuwalinda wanaofichua uovu umezungushwa miaka nenda miaka rudi. Mpaka uwe sheria, tunawaambia watoto wa miaka 22 wawe mashujaa bila ngao.

Mtaniambia interni hana uzoefu. Ni kweli, hajui viwango vya kimataifa vya uhasibu. Asiandike maoni ya ukaguzi, hiyo ni kazi ya wenye CPA. Lakini kutofautisha 14 na 200 kunahitaji uzoefu wa miaka mingapi? Sista alijua. Mimi nilijua. Hata yule mama kwenye benchi alijua. Aliyekosa kujua ni faili peke yake.

Na mtaniambia vijana wakilipwa pia watahongwa. Wengine, ndiyo. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayeuza na mtu ambaye hamkumwachia kitu kingine cha kuuza.

Na wewe

2024 tulisoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa. Watu ambao hawakuwahi kumaliza kitabu cha seti walikuwa wanaeleza kodi ya mkate kwenye matatu. Tuliweza. Sasa fungua tovuti ya Mkaguzi Mkuu, tafuta ripoti ya kaunti yako, na siku hizi hospitali za Level 4 na 5 zina ripoti zao. Tafuta hospitali ambayo mathe wako anaendea. Angalia kama maoni ni safi, yana mashaka, ni mabaya, au mkaguzi amekataa kabisa kutoa maoni kwa kukosa hati. Ukikuta kitu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua uulize, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Uliza pia swali moja dogo: interni wenu wanalipwa na nani?

Kama wewe ndiye interni sasa hivi, na unasoma hii ukiwa umekaa karibu na birika la chai, hesabu. Piga picha hiyo fomu na hiyo rafu. Weka tarehe. Hata kama huwezi kusema leo, usitie tiki kwenye kitu ambacho hukukiona.

Mimi niliitia. Bado iko kwenye faili, na muhuri juu yake, na kila anayeifungua anaambiwa kwamba siku hiyo dispensari ilikuwa na chupa 200. Yule mama wa benchi simjui jina. Sijui kama alipata pesa ya kemisti. Najua tu kwamba kwa rekodi za kaunti, mtoto wake alikuwa na dawa, na aliyeandika hivyo ni mimi.